Nafasi ya Mistari Mitano

Fomu imetuachia mistari mitano.
"Maoni ya mdau," imeandikwa juu,
na chini yake nukta, nukta, nukta,
kama nyayo za kuku kwenye vumbi la uwanja wetu.

Nianze wapi?

Juzi walituita ukumbini, Chumbageni:
marubani tisa, mafundi wawili,
na Bi Zulekha Virani mwenye ndege ya kupeleka dawa,
aliyekuja na faili lake na kipepeo cha ukindu.
Afisa aliisoma rasimu polepole
kama anayesoma wosia wa tajiri asiye na watoto.
Uzio wa futi nane, gharama ya mwenye ndege.
Mlinzi mwenye silaha, usiku na mchana.
Orodha ya abiria siku tatu kabla ya kuruka.

Siku tatu!
Shemhilu akasimama, kiti kikalia.
"Mheshimiwa, mjamzito wa Pemba akishikwa na uchungu,
nimwambie ajizuie hadi Alhamisi?"
Tukacheka. Afisa hakucheka.
Aliandika kitu. Sijui aliandika uchungu, au Alhamisi.

Nami nikasema yangu,
sauti ikitetemeka kuliko mikono yangu
upepo unapogeuka ghafla juu ya Usambara:
ndege yangu, pamoja nami na mafuta,
ni marobota matatu ya mkonge.
Manne, nikiwa nimeshiba.
Lori hubeba marobota themanini,
linapita mbele ya shule, mbele ya benki,
na hakuna anayeinua turubai
kuuliza kuna nini chini ya zile singa.
Mimi mwenye matatu nivuliwe viatu
na mlinzi ninayemlipa mwenyewe?

Makofi. Bi Zulekha aligonga meza kwa kipepeo.

Na ulinzi tunao, nikaendelea, kichwa kimeshavimba.
Ulinzi ni Mwantumu, muuza vitumbua wa langoni.
Anaijua kila injini kwa kikohozi chake.
Akisikia mlio asioujua
huacha kitumbua kiungue, akatoka kutazama.
Andikeni hilo kwenye rasimu:
mama mmoja, kikaango kimoja, masikio mawili.

Hapo walishangilia hata mafundi.

Hili linalofuata sikulisema.

Mwaka juzi, mvua za vuli,
nilifika alfajiri nikakuta mlango wa ndege uko wazi.
Kwenye zulia, mbele ya kiti changu,
alama ya kiatu chenye matope, kikubwa kuliko changu.
Hakuna kilichoibwa. Hakuna kilichovunjwa.
Mkanda tu ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu,
umefungwa vizuri, kwa adabu,
kama shuka iliyokunjwa na mgeni anayeondoka.
Alikaa muda gani pale gizani?
Alishika usukani?
Alikuwa anaota, au anahesabu?
Mwantumu siku ile alikuwa msibani Pangani.

Nilifuta matope kwa fulana yangu.
Sikumwambia mtu, hata Shemhilu,
na tangu hapo nikikaa nafunga mkanda
huku nikiuhisi kana kwamba bado una joto.

Sasa kalamu ninayo, na nukta zinanisubiri.
Nimeandika:

Rasimu hii inatuonea sisi wadogo.
Uzio haumjui mtu; mtu ndiye humjua mtu.
Siku tatu ni nyingi kwa mgonjwa.
Gharama zitatushusha chini kabla ya hitilafu.

Mstari wa tano nimeuacha kama ulivyo.

Nikaikunja fomu, nikaipeleka, nikagongewa muhuri.
Kisha nikapita Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwenye duka la vipuri lenye taa hafifu,
nikachagua mnyororo wa mita mbili
na kufuli nzito kuliko zote.
Nikaupima mnyororo kifuani,
jinsi utakavyozunguka propela na kurudi.

"Ni ya baiskeli?" muuzaji akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ya baiskeli."